Weka Utani Chini

Treni ya Kigoma ilikuwa imeshaanza kutembea Minza alipotokeza kwenye geti la stesheni ya Tabora. Filimbi imeshapigwa, bendera ya kijani imeshakunjwa, na wauza asali walikuwa wakikimbia sambamba na madirisha, wanapokea hela huku wanasukumia chupa ndani. Minza alivaa gauni la kitenge cha kijani lililombana magotini, na raba nyeupe. Mkononi kapu la ukindu lenye sukari, sabuni na karanga. Gauni la namna ile si la kukimbizia treni. Akalipandisha kwa mkono mmoja, akakimbia hivyo hivyo.

Mlangoni mwa behewa la mwisho alikaa kijana mrefu, mweusi tii, jaketi la njano la mafundi wa reli, miguu inaning'inia nje kama yuko barazani kwao.

"Dada, leta kapu!"

Minza akampa kapu. Kijana akaliingiza ndani, akalifunika vizuri kwa kanga iliyokuwa juu yake, akatulia.

"Na mimi je?"

"Aa, kumbe na wewe unasafiri? Nilidhani umekuja kulisindikiza kapu."

"We kaka, nishike mkono!"

Akamshika, akamvuta mara moja tu, na Minza akaangukia gunia la mtu pale mlangoni. Kokoto zilikuwa zinakimbia chini ya macho yake. Akavuta miguu ndani. Alikuwa mtu wa hofu tangu utoto: aliogopa maji ya mto, aliogopa mlango uliofungwa kwa ndani, aliogopa simu inayoita alfajiri. Kwao Usoke walimtania kwamba anaogopa mpaka kivuli cha kuku.

"Asante, kaka."

"Asante hailiwi. Wewe mtu wa wapi?"

"Usoke."

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi."

Kijana akafumba macho kama mtu aliyepewa habari njema. Kisha akafunua kapu, akachota karanga kiganja kizima, akatia mdomoni.

"He! Mwizi wewe!"

"Mwizi nini? Mimi Mgogo. Babu zako walipita kwetu na pembe za ndovu za watu kichwani, wakanywa maji ya visima vyetu, wakatokomea bila kutoa hongo, ushuru wa kupita. Hii ndiyo hongo yenyewe. Naanza na karanga."

Minza akacheka mpaka akasahau kuogopa. Basi walikuwa watani. Mgogo na Mnyamwezi wanataniana tangu misafara ilipokuwa inakatiza nchi ile kwa miguu kwenda pwani na kurudi. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe, kukuvua kofia, kukutangazia kifo chako ungali unakula, nawe ukikasirika mwenye kosa ni wewe.

"Ombaomba wakubwa nyie," Minza akasema. "Mtu mzima hajui chakula kingine zaidi ya mlenda."

"Na nyie walaji wa matobolwa, viazi vikavu vigumu kama mawe, mnapata wapi meno ya kucheka?"

Wakaenda hivyo njia nzima. Kijana aliitwa Zablon, kwao Kibaigwa, fundi wa genge la kukarabati reli. Minza akamwambia anasoma chuo cha kati pale mjini, diploma ya saikolojia na unasihi, akifaulu vizuri ataunganisha chuo kikuu.

"Yaani unasomea vichaa?"

"Nasomea watu."

"Basi mimi hunihusu. Mimi Mgogo."

Treni iliposimama Usoke, Zablon akateremka kwanza, akalikumbatia kapu kifuani.

"Kapu limezuiliwa. Toa namba ya simu."

"Treni itakuacha!"

"Iniache. Nitahamia kwenu, nile matobolwa nife mapema."

Minza akataja namba harakaharaka, injini inapiga honi, na Zablon akarukia mlango behewa likiwa linatembea. Minza akafumba macho. Alipofumbua, jaketi la njano lilikuwa linampungia kutoka mbali.

Jioni simu ikaita.

"Halo. Hapa ni ofisi ya ushuru wa maji, Ugogo. Tunaongea na mdaiwa?"

"Mdaiwa kafa."

"Pole. Tutamdai maiti."

Ndivyo walivyopendana. Wengine hupeana maua, hawa walipeana matusi. Kila Jumapili ambayo genge lilipewa mapumziko, Zablon alikuja mjini amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono inakata, akamfuata Minza kwa mama mwenye nyumba wake, Bi Kuluthumu wa Chemchem, mjane wa fundi cherehani, mama wa mjini hasa, mwenye ulimi wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja tena, mwanangu? Nilijua mtani ni wa msibani, kumbe na wa vitumbua?"

"Mama, namchunga huyu asitoroke na hongo yetu."

"Mchunge, lakini umchunge barazani."

Wakakaa barazani wakinywa chai ya tangawizi. Halafu wakatembea mpaka mtaa wa Cheyo na kurudi, polepole, vidole vinagusana. Zablon hakuwahi kusema neno "nakupenda". Alisema, "Nikifa, unibebe mwenyewe kichwani mpaka Kibaigwa, mbebaji wewe." Minza akajibu, "Nitakutupa Itigi, fisi wamalizie." Na wote wawili walijua maana yake.

Siku moja tu waliongea bila utani. Zablon alimuuliza kwa nini alichagua masomo yale, mtu mwoga kama yeye. Minza akamweleza habari za mjomba wake Ngollo, aliyekuwa mrina asali. Wiki moja Ngollo aligawa mizinga yake yote kwa ndugu, mmoja mmoja, anacheka. Nyumba nzima ikala asali. Kisha akaingia porini, na waliomfuata walirudi wamembeba. Watoto wakaambiwa ameanguka mtini. Minza alikuwa mdogo, lakini aliona jinsi watu wazima walivyoangalia chini wakati wa kusema neno "ameanguka".

"Hakuna aliyemuuliza," Minza akasema. "Tulikuwa tunalamba vidole."

 Zablon akamvuta kichwa, akakilaza begani kwake, na hilo Minza alilihesabu kuwa ndilo neno lenyewe.

Mvua za mwaka ule zilikuwa mbaya. Upande wa mashariki, karibu na daraja la Goweko, maji yalikula kokoto chini ya reli, na kiberenge cha genge, kigari cha relini cha kubebea mafundi, kilipofika hapo asubuhi kikapinduka. Watu walitoka na michubuko. Mmoja hakutoka: Anton, kijana wa Urambo, rafiki wa Zablon wa kula sahani moja.

Anton alikuwa Mnyamwezi. Kwa hiyo kazi ya msiba ilikuwa ya Zablon.

Minza alikwenda kuzika, amejifunga kanga nyeusi. Mtani ana kazi yake kaburini, na Zablon siku ile aliifanya kuliko mtani yeyote Minza aliyepata kumwona. Alivaa sufuria kichwani. Alimpora mchungaji mwavuli. Jeneza lilipoletwa alijitosa kaburini, akajilaza chali chini kabisa, akapiga kelele: "Haingii mtu! Anton hajalipa hongo! Mpelekeni kwingine, hapa pana mwenyewe!" Watu walicheka huku kamasi zinawatoka. Mama yake Anton, ambaye tangu juzi alikuwa hajafungua mdomo, alicheka kwa sauti, akatupa hela kaburini ili mtani atoke. Na Minza alicheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu.

Ila Zablon alipotakiwa atoke, alikawia. Alishika ukingo wa kaburi kwa mikono miwili, akatazama juu, macho yanapita juu ya watu wote kama hakuna mtu. Kisha akatabasamu, akapanda. Minza aliliona lile. Akaliweka pembeni, kama mtu anavyoweka pembeni bili ya umeme.

Baada ya hapo Zablon alizidi kuchekesha. Alipungua mwili, mashati yakawa yanampwaya, lakini utani ukaongezeka. Kila simu kifo, kaburi, fisi. Minza akaanza kuogopa, ile hofu yake ya utotoni. Jumapili moja pale barazani kwa Bi Kuluthumu akajikaza, akatumia sauti ya darasani.

"Zablon, naona kama umebeba maumivu makubwa moyoni. Ungependa tuzungumze kuhusu hilo?"

Zablon akageuka, akaangalia nyuma yake, akaangalia chini ya meza.

"Nani huyo ameongea? Minza yuko wapi?"

"Naongea kweli."

"Na mimi kweli. Usinifanyie zoezi, Minza. Mimi si mteja wako." Sauti ikamtetemeka, na hapo ndipo Minza alipomwona amekasirika kwa mara ya kwanza. "Kambini wote wananionea huruma, wanaongea na mimi kwa kunong'ona kama mimi ndiye maiti. Anayenicheka umebaki wewe. Ukianza na wewe kunionea huruma, nitabaki na nani? Ukitaka kuwa mganga wangu, acha kuwa mtani wangu. Chagua."

"Basi, mpenzi. Nisamehe."

"Niahidi."

"Naahidi."

Akaahidi kwa sababu aliogopa kumpoteza. Hakujua kuna kupoteza kwa namna mbili.

Chuoni nako mambo hayakuwa mazuri. Mtihani wa vitendo ulikuwa wa kukaa na mtu anayeigiza matatizo na kumhoji mbele ya darasa. Minza alipangiwa Martha, mwanafunzi mwenzake, aliyeigiza mjane aliyekata tamaa, na aliigiza vizuri kwelikweli. Minza akafika kwenye swali lenyewe, ulimi ukagoma.

"Je, labda... huwa unapata yale mawazo... ambayo siyo mazuri?"

Darasa likacheka. Madam Agnetha, mwalimu wao, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, hakucheka.

"Mawazo yasiyo mazuri ndiyo yapi? Ya kuiba kuku?"

"Hapana, madam. Yale ya... kujidhuru."

"Swali lina jina lake, Minza. Unafikiria kujiua? Hivyo tu. Ukilizungusha, mtu anaona wewe ndiye unayeogopa, basi anakunyamazia ili asikutishe. Na msidanganyane kwamba ukiuliza utampa wazo. Wazo analo au hana. Ukiuliza unampa mahali pa kulisemea. Haya, sema."

Minza akafungua mdomo. Akaona mizinga ya Ngollo. Akafunga mdomo.

"Utarudia Alhamisi saa nane mchana. Ukishindwa hapo, habari ya chuo kikuu mwaka huu usahau. Si mimi, ni utaratibu."

Alhamisi asubuhi Minza alikuwa anapiga pasi blauzi yake nyeupe, pasi ya mkaa ya Bi Kuluthumu, simu ikaita. Zablon. Sauti nyepesi, safi, kama ya siku ile ya treni.

"Mdaiwa, umeamkaje?"

"Nimeamka mzima, fisi hawajakuchukua?"

"Wanapanga foleni. Sikiliza, nimeamka vizuri leo. Nimelala kama mtoto. Redio yangu nimempa Xavery."

"Xavery mnyapara? Na wewe mpira utausikilizia wapi?"

"Aisikilize yeye. Viatu vizuri nimempa mpishi. Jaketi limebaki, nani atalitaka, linanuka grisi. Mtani?"

"Naam."

"Nikiondoka utanililia?"

Minza alikumbuka ahadi. Alikumbuka jinsi sauti ile ilivyotetemeka barazani. Akaifurahia sauti ya leo, nyepesi, akamjibu kama mtani anavyojibiwa.

"Nikulilie wewe? Nitacheza ngoma! Nitakula pilau la msiba wako, nirudie sahani, na nyingine nifungashe."

Zablon akacheka. Cheko fupi, la upole.

"Haya, mama. Kula ushibe."

Simu ikakatika.

Minza akaendelea kupiga pasi, anatabasamu. Akageuza kola. Redio kampa Xavery. Akageuza mkono wa blauzi. Viatu kampa mpishi. Mkono ukasimama. Akawaona ndugu zake wamekaa uani wanalamba vidole, na mjomba Ngollo anapita katikati yao anacheka.

Alipokuja kushtuka blauzi ilikuwa imeungua, moshi unapanda.

Akapiga simu. Namba haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Nilimwambia nitacheza ngoma, akawaza. Kama hilo ndilo neno langu la mwisho kwake?  Kisha akampigia Xavery, mnyapara wa genge.

"Shikamoo, kaka Xavery. Zablon yupo?"

"Marahaba, shemeji! Yupo, alikuwa hapa, mchangamfu huyo! Amenyoa, kavaa shati jeupe. Na redio kanipa, unajua?"

"Kaka, tafadhali, kaa naye. Usimwache peke yake."

"Nimlinde Mgogo? Nani atamwiba Mgogo?" Xavery, naye Mnyamwezi, alikuwa anacheka. "Shemeji, na wewe kwa utani! Huyo hafi mpaka amalize mlenda wote wa Dodoma."

"Sitanii! Naona kama... naona hayuko sawa."

"Lini aliwahi kuwa sawa? Haya, sisi tunaingia porini na kiberenge, mtandao unakata. Leo yeye hayupo zamu. Nitamsalimia!"

Ukakata kweli.

Na hapo hofu ikamshika Minza vizuri, maana aliona kosa lake lote. Hata sasa, mtu wake yuko kwenye ukingo, na alishindwa kulitaja lile neno. Alisema "hayuko sawa". Aliogopa neno, akawaachia wacheke.

Bi Kuluthumu alimkuta ameshavaa, kitenge cha kijani kile kile, anamalizia vifungo.

"Mwanangu, mtihani si saa nane?"

"Mama, Zablon anataka kufa."

"Kweli au mambo yenu?"

"Kweli, mama."

Bi Kuluthumu akamtazama. Akavua kanga yake ya begani, akamtupia. "Nenda. Nitakuombea. Nenda!"

Alipitia chuoni, maana kilikuwa njiani. Madam Agnetha alisikiliza wima, chaki mkononi.

"Nikikwambia ubaki, nitakuwa nimekufundisha nini?" akasema. "Lakini uende unajua, Minza. Utarudia mwaka, sitakuwa na namna. Na ukimkuta, usimwache peke yake hata chooni. Unamleta hospitali, leo, si kesho. Wewe si daktari wake. Wewe umekwenda kumuuliza na kumleta."

"Na nikichelewa, madam?"

 Madam Agnetha alimshika bega, akamsukuma mlangoni.

Basi lilikuwa linatambaa, au Minza aliona hivyo. Nje ilikuwa nchi ile ile iliyokanyagwa na wabeba mizigo, miombo na miombo, maji ya mvua yamesimama pembeni mwa barabara. Jirani yake kitini alimkaribisha muhogo, akaushika tu mkononi. Kila simu iliyoita ndani ya basi aliiona ni yake, na ni ya msiba. Aliposhuka alichukua bodaboda, na njia ya kwenda kambi ya genge, Goweko, ilikuwa matope matupu. Mara mbili walianguka. Kitenge kikachanika mpaka pajani. Wakati wote alikuwa anajisemea lile swali kimoyomoyo, na kila mara lilikwama mahali pale pale.

Kambini hapakuwa na mtu isipokuwa mpishi, amevaa viatu vizuri vya ngozi visivyo vyake.

"Zablon? Kaenda kule, darajani. Kasema anamsalimia Anton."

Minza akakimbia juu ya mataruma ya reli, raba zinateleza.

Alimwona kutoka mbali: shati jeupe. Alikuwa amekaa juu ya rundo la mataruma ya zamani, pale pale kiberenge kilipopindukia, mikono magotini, peku. Alikuwa hai. Minza alitaka kupiga yowe, akalizuia, akatembea polepole, kama mtu anayemkaribia ndege.

Zablon akageuka. Uso ukashtuka, kisha tabasamu likaja lenyewe, kwa mazoea.

"Mdaiwa! Umewahi hivyo? Pilau bado hata mchele haujachambuliwa."

Jibu lilikuwepo mdomoni mwa Minza, lilikuja lenyewe pia. Angelisema, wangecheka. Akalimeza.

"Zablon, weka utani chini."

"Nikiuweka chini nitabaki na nini?"

"Sijui. Uweke tu. Nitauangalia mimi usiibiwe."

"Uliniahidi, Minza."

"Niliahidi. Navunja. Ukinichukia, nichukie." Akakaa kando yake, magoti yao yanagusana.  "Naogopa hata kuongea. Unaniona ninavyotetemeka? Nakuuliza hivyo hivyo. Zablon, unafikiria kujiua?"

 Njiwa alilia porini, akanyamaza. Tabasamu la Zablon likabaki mahali pake muda kidogo baada ya mwenyewe kuondoka, kisha nalo likaanguka. Minza hakuwahi kuuona uso ule bila kitu juu yake.

"Ndiyo," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu kaburini. Nilipolala kule chini nikaona pananitosha. Nikasema kweli, 'hapa pana mwenyewe'. Nilikuwa nawaambia. Nyie mkacheka."

"Nilicheka," Minza akasema. "Nilicheka kuliko wote."

"Asubuhi ile, kwenye kiberenge, mbele palikuwa pangu. Kila siku nakaa mbele mimi. Nikamwambia Anton, kaa mbele wewe, mbeba mizigo, leo nakuzika." Akaitazama reli. "Nikamwambia leo nakuzika, Minza. Akacheka, akakaa. Hata dakika kumi hazikupita."

Akalia. Alilia kwa sauti mbaya, ya mtu mzima asiyejua kulia, na Minza alimshika na kanga ya Bi Kuluthumu ikawazunguka wote wawili. Hakumwambia si kosa lako. Hakumwambia jikaze. Alimshika.

Muda mrefu ukapita ndipo Zablon akasema, uso ungali kwenye bega lake, "Asubuhi nilikuuliza kitu."

"Ulisema utaondoka, je, nitakulilia."

"Ukasema utacheza ngoma."

"Nilikuwa mjinga. Uliza tena."

"Utanililia?"

"Zablon, nisingenyamaza. Ningelia mpaka watu wanione kichaa, na saikolojia yote niliyosoma isinifae kitu. Nakupenda. Hilo sijawahi kukwambia, tulikuwa tunacheka sana. Sasa nyanyuka. Tunakwenda hospitali."

"Na mtihani wako? Si ni leo?"

"Umeshapita."

Akamtazama. Kisha akanyanyuka, kwa shida, kama mzee. Minza alishika mkanda wa suruali yake kwa nyuma na hakuuachia mpaka kambini. Xavery alikuwa amerudi, redio inaimba. Safari hii Minza hakuzungusha: alilitaja neno kwa jina lake, mbele ya genge zima. Xavery akaizima redio. Hakuna aliyecheka.

Jioni treni ya kwenda Tabora iliposimama Goweko, Zablon alikaa ndani, dirishani, si mlangoni. Minza alikaa upande wa mlango.

Zablon alilazwa Tabora, kisha akahamishiwa Dodoma karibu na mama yake. Alikunywa dawa, alihojiwa, na miezi ya mwanzo hakumpigia Minza simu, kwa aibu na kwa hasira. Simu ya kwanza ilikuwa ya ofisi ya ushuru wa maji. Hakurudi kwenye genge. Sasa yuko karakana ya reli mjini Tabora, anatengeneza viberenge.

Minza alirudia mwaka. Alifaulu, akaunganisha chuo kikuu Dodoma, akapanga kwa watani, wakamnyanyasa miaka yote mitatu. Siku hizi ni mnasihi wa hospitali. Bado anaogopa maji.

Walifunga ndoa kwenye kanisa la Moravian, Usoke. Watani walizuia geti mpaka mzee Jilala, baba wa bibi harusi, akatoa gunia la karanga. Bi Kuluthumu alikuja na vitumbua, akasema yeye alijua tangu barazani. Xavery alirudisha redio. Mama yake Anton aliketi upande wa bwana harusi. Madam Agnetha alialikwa, hakuweza kuja, alikuwa anasahihisha mitihani. Alistaafu mwaka jana.

Mama yake Minza aliwaambia watoto wa ukoo, sasa watu wazima, ukweli kuhusu Ngollo, jikoni, huku anasonga ugali. Wengi walikuwa wameshajua.

Kila mwaka mvua zinapoanza, Minza humuuliza mumewe lile swali, kwa jina lake, na Zablon huweka utani chini kwanza ndipo akajibu. Karibu miaka yote amejibu hapana. Mwaka mmoja alijibu ndiyo, wakafunga mlango, wakaenda hospitali asubuhi ile ile.